Chemshabongo ya mafumbo imekugomea? Tafuta dalili yako hapa

Malalamiko kuhusu chemshabongo ngumu za mafumbo hufanana. Mtu amekaa na jedwali saa nzima na halijaingia hata neno moja. Mwingine kajaza nusu, nusu iliyobaki imekataa katakata. Yupo mwenye jibu linaloenea kwenye visanduku lakini hawezi kueleza kwa nini ni sahihi. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili hizo. Tafuta inayofanana na yako, anza na kisababishi kilichotajwa kwanza kwa kuwa ndicho kinachotokea mara nyingi zaidi, na usikimbilie matengenezo mazito kabla hujamaliza ukaguzi mwepesi.

Tuanze na jinsi dokezo linavyofanya kazi. Katika chemshabongo ya kawaida, ile iliyozaliwa New York mwaka 1913, dokezo ni maana tu: umeulizwa msimu wa mvua, umeandika MASIKA, basi. Waingereza wa miaka ya 1920 ndio walioanza kulipinda. Katika chemshabongo ya mafumbo dokezo lina sehemu mbili zilizoshonwa pamoja hadi zikaonekana sentensi moja. Sehemu moja ni maana ya jibu, nayo hukaa mwanzoni au mwishoni, haikai katikati. Sehemu ya pili ni mchezo wa herufi unaolijenga jibu lile lile kwa njia nyingine. Mwisho kuna mabano yenye idadi ya herufi. Tazama hili:

Samaki walivurugika wakati wa mvua nyingi (6)

Maana ni "wakati wa mvua nyingi". "Walivurugika" ni neno la ishara, linakuamuru upange herufi upya. Herufi zenyewe ni SAMAKI. Zipange upya, utapata MASIKA. Hakuna mto humo wala bahari wala nyavu, na hakuna neno hata moja lililokaa bure.

Kitendawili hukupa njia moja ya kufikia jibu. Dokezo la aina hii hukupa mbili, nazo zinakutana mahali pamoja, ndiyo maana ukilifumbua unajua umelifumbua hata kabla ya kuona majibu. Mtunzi ana ruhusa ya kukupoteza kwa hadithi, ila hana ruhusa ya kukudanganya kwa herufi. Mimi naamini utamu wote wa mchezo huu umo kwenye sharti hilo, na karibu kila mkwamo unatokana na kulisahau.

Mifano yote ya hapa nimeitunga kwa Kiswahili ili mbinu zionekane wazi. Mafumbo magumu mengi huchapishwa kwa Kiingereza, lakini mbinu ni zile zile.

## Dalili ya 1: "Nimesoma madokezo yote, sijajaza hata moja"

Umeiamini hadithi. Hiki ndicho kisababishi kikuu, kwa wageni na kwa wazoefu. Ukisoma samaki unaona samaki, ukisoma mvua unaona matope, na tayari akili inatafuta jibu linalohusu uvuvi. Mtunzi alikaa akaitengeneza picha hiyo makusudi.

Tiba yake ni ya mkono zaidi kuliko ya akili. Chukua penseli, piga mstari baada ya neno la kwanza la dokezo. Jiulize: neno hili peke yake linaweza kuwa maana? Likikataa, sogeza mstari neno moja mbele, kisha jingine. Halafu rudia kutokea mwisho kurudi nyuma. Dokezo la maneno sita lina sehemu chache sana za kukatwa, kwa hiyo kazi hii ina mwisho. Mkato, nukta na mara nyingi hata herufi kubwa ni mapambo ya hadithi, zipite kama hazipo. Idadi iliyo kwenye mabano ndiyo ya kuaminiwa.

Umeng'ang'ania namba 1 mlalo. Hakuna kanuni inayokutaka uanze hapo. Pitia madokezo yote haraka ukitafuta mawindo mepesi, na jepesi kuliko yote ni neno lililofichwa, kwa sababu jibu limeandikwa mbele ya macho yako:

Mama jirani ameficha kinywaji (4)

Soma herufi bila kujali nafasi kati ya maneno: maMA JIrani. MAJI.

Huzitambui ishara. Ukiona vuruga, koroga, rekebisha, lewa, haribika, tikisa, fikiria herufi za kupangwa upya. Ficha, beba, ndani ya, sehemu ya: tafuta neno lililojificha. Zunguka, kumbatia, meza: kipande kimoja kinaingia ndani ya kingine. Rudi, geuka, pinduka: soma kinyumenyume, na katika madokezo ya wima hata panda au kwea huweza kufanya kazi hiyo. Kosa mwanzo, katwa kichwa, bila mkia: ondoa herufi. Mfano wa kugeuza, mfupi kabisa:

Ali aliporudi alikuwa na kasoro (3)

ALI akirudi anakuwa ILA, na ila ni kasoro.

Umechukua fumbo lililokuzidi kiwango. Hili hutokea mara chache kuliko watu wanavyodhani, maana wengi hujihukumu mapema. Magazeti ya Uingereza yana desturi zake. The Guardian, kwa mfano, huweka la Jumatatu liwe jepesi kuliko ya siku zinazofuata. Ikiwa umefanya ukaguzi wote wa juu na bado jedwali ni jeupe, chukua la Jumatatu kwa mwezi mmoja hivi, kisha urudi.

## Dalili ya 2: "Najua herufi zinavurugwa, ila hazipangiki"

Hesabu kwanza. Mara nyingi mno tatizo huishia hapo: herufi ulizokusanya ni saba na mabano yanasema nane. Maana yake umeacha neno fupi pembeni, labda "na" au "ya", au kuna herufi moja inayotoka kwenye kifupisho. Usipange chochote kabla hesabu haijakubali.

Hesabu ikikubali na neno bado linakataa, acha kuziandika herufi kwa mstari. Ukiziandika kwa mstari jicho linaendelea kusoma neno la asili. Ziandike kwa duara, tena kwa mpangilio wa alfabeti.

Ilani iliyorekebishwa si ngumu (5)

Weka A, I, I, L, N kwenye duara. Sasa ilani imetoweka, na "si ngumu" inabaki peke yake ikiomba kisawe. Wengi hukimbilia RAHISI, ambalo lina herufi sita. LAINI ni tano, na herufi zake zote zimo.

Kiswahili kinatupa msaada ambao wenzetu wanaofumbua kwa Kiingereza hawana. Maneno yetu takriban yote huishia kwa irabu, kwa hiyo kisanduku cha mwisho kimeshajibiwa nusu. Kuna pia herufi zinazotembea pamoja: NG, MB, ND, NJ, CH, SH, KW, MW. Zitoe hizo kwanza, uziweke pembeni kama kitu kimoja, kisha upange kilichobaki. Dokezo likionyesha kwamba jibu ni kitenzi, jaribu KU mwanzoni. Likiwa linazungumzia watu wengi, jaribu WA.

Ikiwa umeshafanya yote hayo, kisababishi kilichobaki ni kwamba hukupaswa kuvuruga kabisa. Neno kama "vunjika" linaweza kuwa sehemu ya maana, na "zungusha" linaweza kuwa amri ya kugeuza. Rudi kwenye penseli na mstari.

## Dalili ya 3: "Jibu linaingia vizuri, ila sijui kwa nini"

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda mrefu, kwa kuwa ndiyo dalili inayoonekana kuwa ndogo na inayoleta madhara makubwa.

Rudi kwa mama jirani. Mtu anaona "kinywaji (4)" na tayari ana I kwenye kisanduku cha mwisho. Anaandika CHAI. Ni kinywaji, ina herufi nne, inaishia na I. Inaingia bila kusukumwa. Sasa C yake inakwenda kuharibu neno moja la wima na H yake jingine, na baada ya nusu saa analaumu madokezo mawili ambayo hayana kosa lolote. Wakati huo MAJI ilikuwa imeandikwa wazi kwenye dokezo.

Kisababishi cha kwanza, basi, ni kukisia kwa kutumia maana pekee. Si dhambi kukisia, wafumbuaji wa kasi hufanya hivyo kila siku, ila ni lazima jedwali lijue kwamba umekisia. Andika makisio kwa penseli hafifu, na weka kitone pembeni mwa namba ya kila dokezo ambalo umeliona likifanya kazi neno kwa neno. Kitone kimoja kinaokoa kona nzima baadaye.

Kisababishi cha pili: jibu ni sahihi ila mbinu hujawahi kukutana nayo. Ya kawaida zaidi katika kundi hili ni maana mbili zilizowekwa bega kwa bega bila mchezo wowote wa herufi:

Mnyama juu ya nyumba (3)

Hadithi inakupa paka kwenye bati, lakini paka ana herufi nne. Paa ni mnyama, na paa ndilo lililo juu ya nyumba. PAA. Dokezo fupi la maneno mawili, matatu au manne lisilo na ishara yoyote, lishuku kuwa la aina hii mapema. Tai, mbuzi, kaa na mfano wa hayo ni hazina ya watunzi.

Kisababishi cha tatu ni maana usiyoijua ya neno unalolijua. Hapo fungua kamusi, hata kama neno unalitumia kila siku. Soma maingizo yote hadi la mwisho, kwa kuwa mtunzi naye alianzia mwisho.

## Dalili ya 4: "Kona moja imegoma kabisa"

Kagua kwanza kilichokwisha kuandikwa. Kona ikigoma kwa dakika nyingi na umeshajaza sehemu nyingine vizuri, uwezekano mkubwa ni kwamba neno moja ndani yake si sahihi. Tafuta lisilo na kitone. Lifute lote, pamoja na herufi zilizopenya kwenye maneno mengine kutoka humo, halafu soma upya madokezo ya pale kana kwamba ndiyo kwanza unayaona. Kufuta kunauma, nalo ndilo tengenezo linalofanikiwa kuliko mengine yote.

Kosa la pili kwa wingi ni umoja na wingi. Dokezo limesema "vyombo", wewe umeandika chombo kimoja. Katika Kiswahili kosa hili hupiga mwanzo wa neno, KI badala ya VI au M badala ya WA, kwa hiyo linavuruga makutano ya mwanzoni (visanduku ambamo neno la mlalo na la wima hushirikiana herufi) ambayo ndiyo yenye thamani zaidi.

Kisha tazama herufi za makutano zenyewe. Irabu zimejaa mno katika lugha yetu, na A ndiyo iliyozidi. Kona inayokupa A, A na I haijakuambia kitu. Jibu lolote litapita humo. Konsonanti moja ina thamani kuliko irabu tatu. Kwa hiyo ukichagua dokezo la kushughulikia katika kona iliyogoma, chagua lile litakaloingiza konsonanti kwenye maneno ya jirani, hata kama linaonekana gumu kuliko wenzake.

Mara chache lawama ni ya jedwali. Yapo majedwali ambayo kona huungana na sehemu nyingine kwa neno moja tu, hivyo kila ulichokipata kwingine hakikusaidii. Huwezi kulirekebisha hilo. Ichukulie kona hiyo kuwa fumbo dogo la peke yake na uanze upya na mawindo mepesi.

Likikataa bado, ondoka. Fanya kazi nyingine, lala, rudi kesho. Wafumbuaji wengi hushuhudia kwamba dokezo lililowatesa usiku hufunguka asubuhi kwa mtazamo wa kwanza. Ulichokuwa umekishikilia ni mgawanyo mbaya wa sentensi, na ulikuwa unausoma hivyo hivyo kila uliporudi.

## Dalili ya 5: "Nimeshaligawa dokezo, vipande havitimii"

Hii ni dalili ya mtu aliyekwisha piga hatua. Hadithi haimpati tena. Linalompata ni neno moja ndani ya mchezo wa herufi. Kisababishi kikuu ni kutafuta kisawe pale ambapo neno lilitakiwa litumike lenyewe, au kinyume chake.

Mabara mawili yameunganishwa sawasawa (8)

Watu hupoteza muda wakijaribu ASIA na ULAYA, kisha wanahesabu herufi za Afrika. Mtunzi hakutaka jina la bara lolote. Alitaka neno BARA lenyewe, mara mbili, likiunganishwa: BARABARA, ambalo maana yake ni sawasawa. Na ukiwa umefika kwenye BARABARA kwa kufikiria njia ya magari, rudi usome: njia haikutajwa popote.

Kinachofuata ni neno lenye maana mbili ndani ya mchezo wenyewe:

Nasi tukaizunguka noti tupate fursa (6)

Ishara ni "tukaizunguka", kwa hiyo NASI inazunguka kitu. Mtu anaandika majina ya fedha zote anazozijua na hakuna inayoingia. Lakini wanamuziki nao wana noti zao: do, re, mi, fa. Weka FA katikati ya NASI: NA-FA-SI. Fursa ni NAFASI. Neno linalokaa vizuri kuliko yote ndani ya hadithi ndilo la kutiliwa shaka kwanza. Noti hapo inapendeza kwa sababu fursa na pesa huambatana kichwani mwetu.

Halafu vifupisho. Namba za Kirumi na alama za kikemia hutumika kila mahali: mia ni C, hamsini L, mia tano D, elfu M, dhahabu AU, fedha AG, chuma FE.

Chombo chenye mia tano na dhahabu (3)

D na AU: DAU. Jitengenezee orodha yako ya vifupisho nyuma ya daftari, uiongeze kila unapokutana na kipya. Baada ya mafumbo machache utaona vinajirudia.

Mwisho, ukataji. "Mtaa uliopoteza mwanzo hutoa mwanga (3)" inataka uondoe M, ibaki TAA. Ni rahisi ukiuona, ila wengi huukosa kwa kudhani kila neno la dokezo linaongeza herufi. Mengine yanapunguza.

Ukihamia kwenye mafumbo ya Kiingereza, jiandae na mbinu moja isiyo na nguvu kwetu: sauti. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo maneno mawili yenye sauti moja na tahajia tofauti ni adimu. Kiingereza kimejaa hayo, na ishara zake huhusu kusikia, kusema, redio, hadhira. Huko ukiona mtu "anasikika", soma kwa sauti.

## Dalili ya 6: "Hili si gumu la kawaida, sijui hata pa kuanzia"

Huenda umeingia kwenye daraja jingine kabisa. Angalia jedwali: kama halina visanduku vyeusi na maneno yametenganishwa kwa mistari minene, hilo ni fumbo la wabobezi. Mara nyingi huwa la visanduku 12 kwa 12, na herufi nyingi zaidi hukutana. Hilo la mwisho ni habari njema, kwa sababu maneno yake ni ya ajabu na makutano hayo ndiyo yatakayokubeba.

Aina hii ina ukoo unaojulikana. Edward Powys Mathers alianza kuitunga katika gazeti la The Observer mwaka 1926 kwa jina la Torquemada, mkuu wa baraza la Kanisa la Uhispania lililowahoji na kuwatesa watu kwa imani yao, na hakujibana sana na kanuni. Alipofariki mwaka 1939 nafasi ikachukuliwa na Derrick Macnutt, aliyejiita Ximenes kwa jina la mkuu mwingine wa baraza lile lile, na yeye ndiye aliyesisitiza kwamba dokezo lazima liwe la haki; mwaka 1966 alizichapisha kanuni zake katika kitabu. Mwaka 1972 akaja Azed, ambaye ni Jonathan Crowther. Geuza AZED upate DEZA, mkuu mwingine tena wa baraza. Hata jina lilikuwa dokezo. Sambamba nao kuna fumbo la The Listener, lililoanza mwaka 1930 katika jarida la jina hilo na kuhamia The Times mwaka 1991 jarida lilipokufa. Wengi hulihesabu kuwa gumu kuliko yote yanayotoka kwa mpangilio.

Kisababishi cha kwanza cha kukwama humo ni kutosoma maelezo ya juu. Mafumbo haya huja na aya ya maagizo: labda kila dokezo lina herufi moja ya ziada ya kutolewa, labda baadhi ya majibu hubadilishwa kabla ya kuingizwa. Soma aya hiyo, ifumbue nayo, irudie baada ya kila majibu matano. Kama majibu yanabadilishwa na bado hujajua vipi, usiingize kitu kwenye jedwali. Andika majibu pembeni mwa madokezo hadi ujue.

Cha pili ni kukataa kamusi kwa fahari. Huku kamusi ni kifaa halali. Mafumbo ya Azed na ya The Listener hutegemea kamusi ya Chambers, na mtunzi anatarajia uifungue. Utaratibu unageuka: katika fumbo la kawaida unapata neno kwa maana kisha unathibitisha kwa herufi. Huku jenga neno kwa herufi, hata kama hujawahi kuliona maishani, kisha ulitafute katika kamusi. Likiwepo na maana ikakubali, kuna furaha ambayo sijui mchezo mwingine wa karatasi unaoitoa: umelifikia neno usilolijua kwa hoja tupu.

Cha tatu, hujaiona mada. Herufi zilizotolewa ziandike kwa mpangilio ukingoni. Mara nyingi zinaunda sentensi inayokueleza la kufanya mwishoni. Pia kuna mafumbo ambayo madokezo hurejeana, dokezo moja likimtaja mwenzake kwa namba. Fumbo zito kuliko yote ninayoyajua la namna hii lilitoka The Guardian Januari 2013. John Graham, aliyetunga kwa jina la Araucaria, aliwaarifu wasomaji wake kwamba ana saratani, na habari yenyewe ilikuwa ndani ya majibu. Waliojua ni wale waliofumbua. Alifariki Novemba mwaka huo huo akiwa na miaka 92. Anayeuliza kwa nini watu wazima wanahangaika na visanduku, mpe fumbo hilo.

## Dalili ya 7: "Namaliza, lakini raha imeisha"

Sababu ni mbili. Umeanza kushindana na saa, au umezoea kitufe cha kufichua jibu kwenye programu. Januari 1942 The Daily Telegraph liliwaita wasomaji ofisini kwake London wafumbue ndani ya dakika 12, na baadhi yao waliitwa baadaye kwenye kazi ya kuvunja misimbo ya vita huko Bletchley Park. Kisa ni kizuri, ila kimewafanya wengi waamini kasi ndiyo kipimo. Fumbo gumu halikutungwa kwa saa. Ficha saa, zima kitufe, chapisha kwenye karatasi.

## Wakati wa kuacha na kumwita mwingine

Fumbo lenyewe likiwa na hitilafu. Hutokea, hata kwenye magazeti makubwa. Fikiria dokezo hili: "Farasi kavurugwa safari (6)". Ishara imekaa katikati, na maneno ya pande zote mbili yana herufi zile zile. Jibu ni SAFARI au FARASI? Makutano yakiangukia herufi ya pili, ya nne na ya sita, yote mawili yanakupa A, A na I. Hakuna hoja itakayoamua, na mhariri makini angelirudisha kwa mtunzi. Ukikutana na la namna hiyo, au idadi ya mabano isiyolingana na visanduku, usihangaike zaidi. Subiri majibu, na yakitoka bila maelezo ya kuridhisha, mwandikie mhariri.

Dokezo moja au mawili yakibaki kwa zaidi ya siku. Tafuta mfumbuaji mzoefu, lakini usimwombe jibu. Muulize maana inaishia neno gani. Kwa kawaida hilo linatosha, na ushindi unabaki wako.

Macho yakiuma, herufi zikicheza, au kichwa kikigonga kila unapofumbua. Simama. Mwanga hafifu na maandishi madogo ndio washukiwa wa kwanza. Vikirekebishwa na hali ikaendelea, nenda kwa mtaalamu wa macho.

Mzoefu wa miaka mingi akianza kukosa majina ya vitu vya kawaida, na akayakosa hata kwenye mazungumzo, au akashindwa kufuata dokezo la aina ambayo alikuwa akilimaliza bila shida. Usimwongezee mafumbo kwa kuamini kwamba mazoezi yatamrudisha. Mpeleke kwa daktari. Na kama hali hiyo imemjia ghafla, pamoja na mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kutoka ovyo, hiyo ni dharura: apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.